Mgeni Asiyeondoka: Mwongozo wa Kukaa Muda Mrefu Nyumbani kwa Wathai

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumbani kwa Wathai jembe hutaletewa. Utakaa wiki, utakaa mwezi, na mama mwenye nyumba ataendelea kukuandalia chakula huku akitabasamu hata kama umeshamchosha, kwa kuwa amelelewa kutomtia mtu haya. Kwa hiyo jembe litafute mwenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekaribishwa kwa miezi, tuseme katika kijiji cha Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Utamfaa pia wa Bangkok.

1. Malizana na serikali kabla hujafungua begi

Sheria ya uhamiaji inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa ndani ya saa 24 kwamba amelaza mgeni kutoka nje ya nchi. Fomu yake inaitwa TM30. Mpe pasipoti yako jioni ileile uliyofika, umsaidie kuijaza. Ukikaa siku 90 mfululizo, kuripoti ni juu yako wewe, na hivyo hivyo kila baada ya siku 90 nyingine. Ukiona hati imeandikwa mwaka 2569, usidhani umelala sana: kalenda ya Kibuddha inayotumika huko iko mbele ya yetu kwa miaka 543, na huo ndio 2026.

2. Jua kichwa ni nini na mguu ni nini

Kichwa ni kitukufu, mguu ni duni, na mambo mengi hufuata hapo. Viatu vinabaki mlangoni. Kichwa cha mtoto hakipapaswi, hata awe mzuri vipi. Nyayo hazielekezwi kwa mtu wala kwa sanamu ya Buddha, basi ukiketi sakafuni kunja miguu pembeni. Ukipita mbele ya wazee waliokaa, inama. Katika kuamkiana mdogo ndiye anayeanza: viganja huunganishwa kifuani na kichwa kikainama. Aliyelelewa kwa shikamoo amekwisha kufuzu nusu ya somo hili.

Noti zina picha ya mfalme, kwa hiyo iliyopeperushwa na upepo haizuiwi kwa kukanyagwa. Na habari za ufalme usizifanyie mzaha barazani. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na mwenyeji wako hatakuwa na la kukusaidia.

3. Amka

Vijiji vingi vina vipaza sauti juu ya nguzo, na mwenyekiti wa kijiji huvitumia asubuhi na mapema kutangaza mikutano, chanjo na misiba. Kabla ya hapo watawa wamekwisha kupita pekupeku na mabakuli yao, na mama amepiga magoti barabarani akiwatilia wali. Kama dini yako si hiyo, bado unaweza kumbebea kikapu. Mwanamke asimguse mtawa wala asimkabidhi kitu mkononi. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa. Ukiwa kituo cha treni au bustanini, simama kama wenzako.

4. Nenda jikoni, ndiko jembe liliko

Isan hula wali wa kunata, na wali huo hauanzi asubuhi. Mchele hulowekwa usiku, kisha hupikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha mianzi kilichokaa juu ya chungu. Jipe kazi ya kuloweka. Ni kazi ndogo, lakini ikisahauliwa nyumba nzima huamka na njaa, na mtu anayeikumbuka kila usiku hawezi tena kuitwa mzigo.

Halafu omba kinu na mchi. Papai bichi lililokatwa nyuzinyuzi hupondwa pamoja na ndimu, pilipili na mchuzi wa samaki waliochachishwa kwa chumvi. Taja idadi ya pilipili unazoziweza mapema, na usijifanye shujaa. Mtu wa pwani atajiona kwao zaidi akiteremka kusini, ambako tui, mchaichai na ukwaju vimo katika mapishi ya kila siku, na nazi hukunwa juu ya kigoda chenye meno kama mbuzi ya Unguja, ila cha kwao zamani kilichongwa kwa umbo la sungura.

Wali wa kunata huliwa kwa mkono. Wali wa kawaida huliwa kwa kijiko, na uma kazi yake ni kusukuma chakula kijikoni. Vijiti ni vya tambi. Katika sahani ya pamoja chota kidogo kidogo. Na kama huli nguruwe, sema siku ya kwanza, kwa maana anatumika sana. Mwenyeji ataumia zaidi akigundua kwamba umekuwa ukilala na njaa kwa adabu.

5. Oga

Oga asubuhi, oga jioni, na usingoje kuulizwa. Katika nyumba za zamani utakuta mtungi mkubwa na kata ya kujimwagia. Chooni kuna maji, jambo ambalo msomaji wetu hahitaji kufundishwa. Karatasi zitupe kwenye ndoo.

6. Heshimu wakazi usiowaona

Uani kuna kijumba juu ya nguzo, makao ya roho mlinzi wa kiwanja. Huwekewa maua, chakula na mara nyingi chupa ya soda nyekundu yenye mrija. Soda hiyo si yako, hata kama ni jua la Aprili.

Aprili hiyohiyo, tarehe 13 hadi 15, huja Songkran, mwaka mpya wa jadi, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya turathi mwaka 2023. Mitaani watu hurushiana maji mpaka jioni. Nyumbani sherehe huanza kwa kuwamwagia wazee maji yenye manukato viganjani na kuwaomba baraka. Anzia hapo, bastola ya maji itakungoja.

7. Toa bila kutangaza

Kiyoyozi chako kinakula umeme, na hakuna atakayekudai. Ukimkabidhi mama pesa mbele ya watu, atakataa. Basi lipia mtungi wa gesi ukiletwa, nunua gunia la mchele, agiza zile chupa za maji za lita 20, na bili ya umeme ikifika iwahi. Mgeni wa namna hiyo akiaga, huulizwa atarudi lini, na wanaouliza huwa wanataka jibu.