Gari Linang'aa kwa Kuchunwa

Adui mkubwa wa rangi ya gari si mtoto mwenye msumari wala mbuzi anayeota jua juu ya boneti. Ni mwenye gari mwenyewe, siku ya Jumapili, akiwa na ndoo ya maji, karatasi ya msasa na nafasi ya kutosha. Mtoto huchora mstari mmoja akatimua mbio. Mwenye gari hukaa hapohapo akisugua kwa mapenzi mpaka magharibi. Anaamini kopo la polishi limejaa mng'aro, na kazi yake ni kuuhamishia mlangoni. Kumbe kopo lina chembe za kukwangulia. Magari mengi ya leo, yakiwemo yale yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani, yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50: milimita moja ukiigawa mara ishirini, hiyo ndiyo klia yote uliyojaliwa. Nao mkwaruzo haufukiwi. Klia inayouzunguka ndiyo inayoshushwa mpaka ilingane na kina chake. Yale maji yanayochuruzika chini ya msasa namba 2000, meupe mfano wa tui, ni klia yako ikielekea mtaroni. Polishi ikija kufuta alama za msasa, inapunguza tena. Na klia hiyohiyo ndiyo kinga ya rangi dhidi ya jua; ikiisha, boneti inatoka mabaka, na hapo dawa ni kupuliza upya.

Atatokea wa kusema: basi nitatumia mkono, mashine ya polishi ndiyo inayounguza. Ni kweli kwamba mashine ya kuzunguka tu, ikituama kwenye ukingo wa boneti ambako rangi ni nyembamba, inaweza kutoboa klia kabla mshikaji hajamaliza kumjibu mtu simu. Ile inayozunguka huku ikichezacheza ina huruma kidogo. Lakini mkono nao una vidole, na kila kidole hukandamiza kivyake. Ukishika msasa bila kibao cha mpira unalima matuta, utayahesabu kesho jua likiwaka. Halafu msasa udondoke, uokotwe na punje moja ya mchanga: mkwaruzo uliokuwa mpweke umepata ndugu. Sisemi msasa wa maji hauna kazi. Gari lililotoka kupulizwa, klia ikamwagwa bila hesabu hadi ikatiririka, hilo lina cha kupunguza. La miaka kumi na tano lililoshinda juani halina.

Pingamizi linalonifurahisha zaidi ni la yule aliyepigiwa polishi kwa bei poa nje ya baa, nusu saa tu, mikwaruzo yote ikatoweka. Mbona klia yake haikuchunwa? Haikuchunwa kwa sababu mikwaruzo ipo yote, haikupungua hata mmoja. Zipo polishi zenye mafuta yanayojaza vijifereji, na mwanga ukipita juu yake haujikwai. Mafuta hayo huondoka kwa sabuni. Ndiyo maana gari linalouzwa hupigwa polishi asubuhi ileile ya kuonyeshwa mteja. Atakapoliosha mara ya tatu, simu ya muuzaji haipatikani.