Ngoma Isiyo na Msiba

Katika nyumba yetu ya Kasongo mapile madogo yana wenyewe. Mawili ni ya redio, maana tusiposikia Radio Okapi hatujui ya Kindu wala ya Kinshasa. Mawili ni ya torosho ya mama mkwe, anayeamka kabla ya alfajiri kwa ajili ya swala. Mawili yaliyobaki ni akiba, nayo hukaa juu ya kabati yamefungwa kitambaani. Sasa, sanduku aliloletewa mudogo wangu kutoka Bujumbura lilitaka mapile sita kamili.

Sanduku hilo ni sintesaiza, Volca Keys ya Korg, kampuni ya Japani, iliyotoka mwaka 2013. Ni dogo, laingia kwenye mfuko wa shule, na spika yake imo humohumo. Mudogo wangu hupiga kinanda kwenye arusi, na kinanda cha arusi kina sauti zilizokwisha kupikwa: unabonyeza namba, unapata filimbi au gita. Hili halina hata sauti moja iliyo tayari. Ndani mna osileta tatu, yaani vitoa sauti vya umeme, zenye mngurumo mbichi, kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, na mpigaji anautengeneza mwenyewe kwa kuzungusha mabutoni. Moja inapandisha au kushusha sauti, nyingine inachuja ukali wake, nyingine inaamua sauti ife haraka au polepole. Kijana ambaye hajawahi kutulia na jambo moja alikaa na butoni ya kuchuja mpaka majogoo wakawika. Nilifurahi sana kumwona hivyo.

Furaha hiyo haikufika asubuhi. Mama mkwe aliamka, akabonyeza torosho, hakuna mwanga. Akapapasa ukuta, akagonga mtungi, mtungi ukapasuka, maji yakaingia chini ya mikeka. Hakumwita mudogo wangu. Aliniita mimi.

"Mwanangu, ndugu yako anakula hapa, analala hapa. Sasa anachukua na mwanga wangu wa swala?"

Sikuwa na la kujibu. Ndugu wa mke kukaa kwa dada yake si aibu kwetu, lakini anakaa kwa adabu, na adabu yake ikipungua anayeinamisha kichwa ni dada. Mudogo wangu alipiga magoti, akaomba radhi, akanunua mtungi mwingine sokoni. Mapile yakarudi yalikotoka.

Ndipo akahamia kwenye batri ya sola. Batri hiyo ndiyo kazi yangu. Mume wangu yuko machimboni upande wa Salamabila, na kabla hajatuma kitu, chumvi na sabuni za nyumba hii zinatoka kwenye simu za watu ninazochaji barazani. Aliazima amplifaya kwa rafiki, akaunganisha nyaya usiku, sisi tumelala.

Usiku huo alikuwa amepata ujanja wa ngoma. Ameshanieleza mara nyingi, na ninaueleza kwa sababu ni mzuri kweli. Sauti ya ngoma haikai pale ilipoanzia: mkono ukipiga ngozi, ngozi inakazwa ghafla kisha inalegea, na sauti inaanza juu kidogo halafu inashuka upesi. Basi unaiagiza osileta ianze juu na ianguke chini papo hapo, unakata mkia wa sauti, unapunguza ukali kwa kichujio. Nyigu anapotea. Inabaki ngoma nzito ya kutikisa kifua.

Na ngoma nzito usiku wa manane, kwa watu wa kwetu, ni habari. Tulisikia hodi, kisha hodi nyingine. Nilipofungua mlango nilikuta majirani wamejaa uani, wanawake na vitenge vichwani, mmoja amebeba kuni, mwingine unga wa bukari, na mzee wa nyumba ya pili keshavua kofia. "Pole, mama. Nani ametutoka?" Mama mkwe alitoka chumbani akiwa hai, na jirani mmoja aliyekuwa ameanza kulia kwa ajili yake akaanza upya, safari hii kwa furaha. Ilibidi nipike chai kwa watu wote. Kulipokucha batri ilikuwa imekufa, simu za wateja hazina hata mstari mmoja, na mfanyabiashara mmoja wa mawese aliyekuwa anangoja simu kutoka Kibombo alinisemesha maneno ambayo sitayarudia.

Mama mkwe alitaka sanduku lirudi Bujumbura. Mimi nilimwita baba yangu kutoka Kabambare, kwa kuwa jambo la ndugu yangu linaamuliwa na mzazi wetu. Alikuja kwa pikipiki, kwa njia ileile ya misafara ya zamani iliyotoka Ujiji ikapita Kabambare hadi Kasongo, siku za mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip. Tulimpikia mchele na sombe. Akala, akanawa, akasema aletewe huyo mshtakiwa pamoja na sanduku lake.

Alisikiliza muda mrefu. Kisha akatoa likembe lake mfukoni, lile la mbao lenye ndimi za chuma na vipete vya waya vilivyoviringishwa kwenye kila ulimi.

"Sauti yako ni safi mno," alimwambia. "Haijavaa nguo."

Akapiga. Vipete vikavuma, na kila noti ikawa na vumbi juu yake. Halafu akaligeuza likembe, akaonyesha tundu lililo nyuma. Akiliziba kwa kidole sauti inaingia ndani. Akilifungua inatoka nje. Akifungua na kufunga haraka, likembe linasema wa-wa-wa. Mudogo wangu aliruka. Hiyo ndiyo butoni ya kuchuja aliyokesha nayo! Baba alikuwa akichuja sauti kwa kidole tangu ujana wake, bila pile hata moja.

Napenda watu walijue hili. Kule Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono No. 1 walitengeneza maikrofoni za likembe kwa sumaku za magari mabovu, sauti ikakwaruza, na hawakuutoa mkwaruzo huo. Albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 ilizunguka dunia nayo. Wapo wanaofikiri mvumo huo ulitokana na umaskini wa vyombo. Si kweli. Wapigaji wa likembe waliutaka mvumo, na waliufunga kwa waya kwa mikono yao kabla ya umeme kufika.

Wakaanza kazi wawili, baba anasikiliza, mwana anazungusha. Sanduku lina namna ya kugonganisha osileta zake mpaka sauti inakuwa ya chuma. Hapo ndipo vipete vilipopatikana. Mchana, bati lilipopata joto, osileta zilihama na likembe halikukubaliana nazo tena, kwa kuwa vyombo vya namna hii hufuata joto. Baba aliamuru kazi ifanyike baada ya magharibi. Walipopata sauti waliyoitaka, mudogo wangu alichora kila butoni ukutani kwa mkaa, na mshale wa kuonyesha inaelekea wapi. Sanduku linaweza kushika mpangilio wa noti, lakini mahali butoni ilipokaa halikumbuki.

Idi ilikuwa inakaribia. Ukuta ule ndio unaopokea wageni. Nilinunua chokaa, nikaupaka wote, ukawa mweupe unang'aa, na ningeupaka tena leo.

Mudogo wangu aliporudi alishika kichwa. Arusi aliyopaswa kupiga ilikuwa Jumamosi, na watoto walikuwa wamekwisha kuyazungusha mabutoni yote. Baba hakukasirika. Aliketi, akalipiga likembe noti moja, akangoja. Mwana akatafuta. "Bado." Noti tena. "Inakufa mapema, iache ipumue." Noti tena. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, akasema bila kuinua macho, "Zibeni tundu kidogo." Wakageuza kichujio kidogo kushoto. Baba alicheka kwa sauti, kwa maana ilikuwa tamu kuliko ile ya ukutani.

Baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena kuhusu Bujumbura. Mama mkwe aliuliza tu kama ngoma ile ya usiku nayo inaweza kupata nguo. Baba akasema ngoma zetu za mti uliochongwa zina sauti mbili, ya juu na ya chini, kwa sababu lugha inapanda na kushuka, na zote mbili zitafutwe. Basi kabla ya kuwasha amplifaya, mudogo wangu alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani kwamba hakuna aliyefiwa.