Mwanza Iko Vingunguti

Wako wanaosifu mwezi, wako wanaosifu mvua ya kwanza. Mimi nasimama, na kusimama nimekuzoea, kuisifu foleni ya kutoka Kariakoo kwenda uwanja wa ndege.

Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume kule Unguja ni kilomita 73 hivi, ukinyoosha mstari. Barabara hakuna, kuna bahari. Ndege hupaa na kutua ndani ya dakika 20. Kutoka Kariakoo hadi uwanja huohuo wa Nyerere ni kilomita 10 na ushee, lami tupu. Alhamisi iliyopita zilinichukua saa mbili na robo.

Asiye na jicho ataita hasara. Mimi naona jinsi foleni ilivyolikuza jiji. Pima kwa saa: natoka Msimbazi, na nikifika Kamata abiria wa Zanzibar ameshatua. Kwa hiyo Unguja iko Kamata. Nikifika Veta, aliyekwenda Kilimanjaro ameshauona mlima. Basi Kilimanjaro iko Veta, na theluji yake ni yale maji ya baridi tunayopitishiwa madirishani. Nairobi iko Tazara, juu ya Daraja la Mfugale, ambalo tangu lizinduliwe 2018 angalau tunakwama penye upepo. Mwanza iko Vingunguti. Harufu ya machinjio tunaisamehe, tunasema ni sangara. Mtu wa Kariakoo ameizunguka nchi na Kenya juu yake, na bado yuko Ilala.

Sifa ndogondogo nazo zipo. Foleni inawalisha machinga: niliondoka na begi moja, nikafika na begi, chaja mbili, fagio na ramani ya Afrika. Tena inakumbusha historia. Wale wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, walioiachia Kariakoo jina lake, wangefika Kipawa kabla yangu na mizigo kichwani.

Mbele kidogo ya Mwanza ndipo nilipomkuta askari. Taa zilikuwa zinafanya kazi. Narudia: zilikuwa zinafanya kazi! Kijani ikaja, ikaondoka, ikaja tena, naye amesimama chini yake kanyoosha mkono kuikatalia. Nikadhani kuna ajali. Wapi! Dereva wa bajaji ya pembeni akazima injini, akajilaza. "Mzee, tunampisha mheshimiwa."

Dakika 35. Mama mmoja ana mgonjwa kwenye teksi, watoto wa shule wananing'inia mlangoni mwa daladala, sisi wengine tuna tiketi mfukoni zisizorudishwa pesa. Sote tunampisha mtu ambaye pengine bado anamalizia chai. Kisha ving'ora, pikipiki, na magari meusi, nikayahesabu 11, yakapita kama upepo kwenye barabara nyeupe isiyo na hata mkokoteni.

Simsemi vibaya mheshimiwa. Kesho akisimama kutuambia kwamba njia ya uwanja wa ndege haina shida yoyote, atakuwa anasema alichokiona kwa macho yake. Neema hii ya foleni hajapata kuionja, na wanaompangia safari wanahakikisha haionji.

Nilipofika, ndege ilishaondoka. Dada wa kaunta akanitazama jasho, fagio na ramani, akauliza kwa upole nimetokea mkoa gani.

"Kariakoo," nikamwambia.

Akanipa pole ya safari.