Akidi Imetimia

Si zamani za kale, ni juzijuzi tu. Upande ule wa Mlima Hanang ambao watu wa Jorodom huenda kuchunga tu, palikuwa na kijiji cha wanyama chenye kila kitu kinachotakiwa na sheria. Kilikuwa na mwenyekiti, Mzee Beberu, aliyechaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, siku ileile binadamu wa nchi nzima walipochagua wenyeviti wao, na aliyepita kwa sababu ya ndevu. Kilikuwa na mtendaji, Fisi, ambaye hakupigiwa kura na yeyote. Aliletwa kwa barua kutoka wilayani, na barua hiyo aliitoa mfukoni mara nyingi kiasi kwamba ilikuwa imekatika kwenye mikunjo. Kilikuwa na ofisi, mhuri na ubao wa matangazo. Hakikuwa na maji.

Zamani yalikuwapo. Bomba lilishuka kutoka mlimani hadi kila kitongoji, mpaka asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka na mawe na magogo. Msiba wa siku ile hautaniwi: upande wa binadamu, kuanzia Gendabi na Jorodom hadi mjini Katesh, walizikwa watu zaidi ya 80. Upande wa wanyama lilikwenda bomba. Basi kila kaya ikatoa debe moja la mbaazi ziuzwe mnadani, mabomba mapya yanunuliwe. Fisi akapokea mbaazi, akaandika daftarini, akafunga daftari.

Tangu hapo maji yakafuatwa chemchemi ya bondeni, ng'ambo ya korongo, penye mkuyu. Ziwa Balangida liko pale chini linang'aa, lakini lile ni la chumvi; ng'ombe huenda kulamba, haendi kunywa. Ukitaka kupata maji ya chemchemi ufike kabla ya jua, uweke dumu kwenye foleni, usubiri. Zamu ya wengi ilifika saa nne, saa tano.

Sasa, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe walau kila baada ya miezi mitatu, wenyeji waje, wahoji. Fisi aliiheshimu sheria hiyo kuliko kijiji kizima. Kila robo mwaka alibandika tangazo, limepigwa mhuri: mkutano mkuu, ajenda mapato na matumizi, saa nne kamili asubuhi, wote mnakaribishwa.

Saa nne kamili meza kuu ilikuwa imetandikwa kitenge. Beberu katikati, Fisi kushoto kwake na faili. Mbele yao walikuwapo Bibi Kobe, aliyeondoka kwake juzi yake ili asichelewe, na Kunguru, aliyesikia kuna maandazi.

"Ndugu Mwenyekiti," Fisi alisema akitazama saa, "kwa masikitiko makubwa, akidi haijatimia. Naomba tuahirishe."

"Na mapato na matumizi, mwanangu?" Bibi Kobe aliuliza.

"Hayasomwi bila akidi, bibi. Ni utaratibu tu."

Kisha soda zilifunguliwa. Jioni Fisi alipita vitongojini akilalamika kwamba mwitikio wa wananchi ni mdogo, hawapendi maendeleo, serikali itawafanyia nini watu wasiohudhuria hata mikutano yao? Na wanyama, madumu yakiwa bado yanawachuruzikia maji mgongoni, waliona aibu. Hapa nampa Fisi haki yake: maji yakikosekana hakuna mkutano, na pasipo mkutano hakuna wa kuuliza maji yako wapi. Wapo maofisa waliosoma mpaka vyuo vya ng'ambo ambao hawajafikia hapo.

Ikaenda hivyo, robo baada ya robo, mpaka robo hii ya juzi.

Aliyekuwa akimchotea maji Mwenyekiti ni Mama Punda, bila malipo, kwa heshima ya kiti. Wiki hiyo alikuwa amezaa, na mkewe Beberu alikuwa amekwenda kwao kwenye matanga. Siku mbili Beberu alivumilia. Ya tatu, siku ya mkutano, akasema moyoni kwamba akidi haitatimia hata hivyo, akabeba dumu mwenyewe akashuka bondeni.

Alikuta kijiji kizima. Twiga, Ngiri na wanawe, Swala, Nyumbu, Kanga wasiohesabika, wote wamejipanga chini ya mkuyu. Mama Punda naye alikuwapo, na mtoto wake ubavuni, kwa maana kiu haina likizo ya uzazi. Alimtazama Mwenyekiti, akatazama foleni, akatazama jua.

"Shikamoo Mzee Mwenyekiti."

"Marahaba."

"Saa nne hii. Akidi imetimia."

Beberu alifungua mdomo kutafuta utaratibu. Utaratibu wenyewe ulikuwa unashuka korongo kwa mbio, faili kwapani, kwani Fisi alikuwa amekaa peke yake meza kuu na mwenye kuahirisha haonekani. Alipoona umati alijaribu kugeuka. Twiga alikuwa ameshaweka mguu njiani.

"Mkutano huitishwa na mwenyekiti," Fisi alisema akihema.

"Si huyu hapa?" Ngiri akajibu. "Soma."

Akasoma. Mapato: mbaazi, madebe kadhaa, zimeuzwa. Matumizi: posho ya kikao kilichoahirishwa. Soda na maandazi, kikao kilichoahirishwa. Nauli ya kwenda Katesh kuulizia bei ya mabomba. Nauli ya kurudi. Posho ya kikao kilichoahirishwa. Kitenge cha meza. Nauli ya kwenda Katesh kuulizia kama bei imebadilika. Bei ilikuwa imebadilika.

Katika kugeuza kurasa kwa haraka, karatasi moja ilichomoka ikaangukia topeni. Kanga waliizunguka. Mmoja aliyepitia darasa la watu wazima akaisoma kwa sauti: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, tarehe ya leo, saa nne kamili. Mkutano kwa kauli moja umeridhia malisho yote ya mashariki apewe Nyati mwekezaji, alime ngano. Ridhaa ya namna hiyo kweli sheria ya ardhi ya vijiji inaitaka, nayo ilikuwa imepatikana: mahudhurio yameambatishwa, kurasa tatu, majina ya kijiji kizima, kila jina na dole gumba lake kwa wino wa zambarau.

Mama Punda alilitafuta jina lake akalipata. Akatazama alama ya dole. Akanyanyua kwato ya mbele, akaigeuza upande huu na upande huu, akaishusha.

"Andikeni muhtasari mwingine," alisema. "Wa mkutano huu. Bibi Kobe ataandika, sisi tuna subira. Mzee Mwenyekiti atasaini."

Wote wakamgeukia Beberu. Alikuwa ameshajaza dumu lake na alikuwa anahangaika na kifuniko.

"Ningesaini, wanangu," alisema. "Lakini mkutano wa leo nimeshausaini. Jana jioni."