Wakili wa Ploti

Pale Ruiru, karibu kila nguzo ya stima ina bango: ploti ya hamsini kwa mia, hati iko tayari. Broka anayeuza hakufanya mtihani wowote. Ana buti za mpira, simu mbili na mdomo.

Binamu yangu wa Thika ana shahada ya sheria, imetundikwa sebuleni ndani ya fremu ya dhahabu. Lakini Kenya shahada haikufanyi wakili. Kuna mitihani tisa ya Baraza la Elimu ya Sheria, na alama ya kupita ni asilimia 50. Minane aliimaliza. Uliobaki ni ule wa kuhamisha umiliki wa ardhi (nisicheke!), anaurudia mara ya tatu. Safari iliyopita alipata 48. Alama mbili, jamani. Kwa broka, futi mbili ni kipimo cha kuibwa kwenye mpaka na mnunuzi asishtuke.

Shangazi alianza kumwita "wakili" tangu mwaka wa kwanza chuoni. Binamu ameshauri kesi mbili za mipaka na moja ya ng'ombe, malipo yakiwa chai. Matokeo ya kwanza yalipokaribia tukachinja mbuzi mapema. Mtihani una marudio, mbuzi hana.

Juzi broka mmoja alimpigia simu: "Wakili wangu, kuna kazi. Utanigongea mabango nguzoni mpaka upite."

Anaanza Jumatatu.