Sifa za Kisanduku Kinachogonga

Mlima umeshasifiwa, kahawa imeshasifiwa, na mbege haijawahi kukosa msifiaji. Leo naomba nikisifu kisanduku cheusi kilichokaa miaka sita chini ya meza ya televisheni nyumbani kwangu Moshi, kimeungwa kwenye ruta, kikitutunzia picha na video za ukoo. Mwezi Juni kilianza kugonga: tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi akiwa ndani.

Kwanza, unyenyekevu. Kilibeba harusi, vipaimara, misiba, mipaka ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo, huko Marangu, na kila Krismasi tuliyopanda mlimani kuhesabiana. Miaka sita hakuna aliyezitazama picha hizo. Hakikununa.

Pili, upendo. Ndani mlikuwa na diski mbili pacha. Kinachoandikwa kwa mmoja huandikwa kwa mwenzake papo hapo. Nilipoelezwa hivyo dukani, nililala usingizi wa mtoto. Kumbe pacha hawa walipendana mno. Ukifuta picha huku, kule nako imefutika. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, waliupokea pamoja. Wakachakaa kwa mwendo mmoja pia: wa kwanza alipokufa, wa pili akaanza kugonga wiki ileile. Ndoa ngapi zina uaminifu huo?

Na huko kugonga ni hisani: ni onyo kabla ya kufa. Mwaka 2000 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wakashusha nguzo sita zenye kumbukumbu za takriban miaka 11,700, zikaenda kutunzwa kwenye majokofu ya Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Waliwahi, maana barafu yenyewe inaisha. Mlima haukugonga hata mara moja. Changu kiligonga siku nne, mimi nikaongeza sauti ya televisheni.

Hatimaye nilichomoa diski ile inayogonga, nikaichomeka kwenye kompyuta yenye Windows. Kompyuta ikauliza kama niifomati. (Visanduku hivi vingi huandika kwa mtindo wa Linux, ambao Windows haiusomi, yenyewe huona diski tupu.) Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye ndiyo. Nikakirudisha, nikashuka mjini kwa kijana mmoja fundi.

"Shikamoo mzee." Akaiweka sikioni. "Hii imekata roho, bado kuzikwa tu. Usiiwashe tena."

Ana programu ya bure iitwayo ddrescue. Haing'ang'anii palipooza: huchukua kwanza panaposomeka, huweka alama palipokataa, kisha hurudi, na kurudi tena. Bibi yangu alichuma kahawa hivyohivyo. Leo nyekundu, mbichi aliziacha, wiki ijayo alirudi mti uleule. Ukikwapua tawi zima umeharibu. Na diski inayogonga ukiilazimisha, kichwa chake hukwaruza kilichobaki.

Zilipookoka terabaiti kama 2, ikabaki kuzihamishia kwenye kisanduku kipya. Ruta yangu ya zamani hupitisha megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti kama 11 za kweli. Piga hesabu: saa 50, ukiombea umeme. Ni mfongo ule wa vihambani, maji membamba ya zamu, nawe umesimama na jembe jirani asije akageuza mfereji. Mwanangu alipoanza kushusha sinema, niliinuka na jembe langu.

Ndipo familia ikaketi kutazama picha zilizokwisha kufika. Kuna moja ya bibi ameinama juu ya mkeka wa kahawa, mkono mmoja umemzuia mpiga picha. Hatukukumbuka kama tunayo. Kisanduku kikiwa kizima hakijawahi kutukusanya hivyo hata jioni moja.

Faili moja tu halikuokoka: hotuba yangu ya dakika 40 kwenye harusi ya mdogo wangu. Ndugu wote, hadi walio Dar es Salaam, wamepiga simu kukishukuru kisanduku.