Bodo Isiyo na Theluji

Ami yangu ana mashua ya injini, na kwa miaka mingi njia yake ya kupata wageni ilikuwa moja tu: kukaa kivulini pale Bodo akitazama barabara. Gari likitokea na mgeni ndani, ami huinuka, hukung'uta kikoi, kazi ikaanza. Lisipotokea, hulala. Kuna siku alilala kutwa.

Mimi ndiye niliyemharibia usingizi huo.

Nilikuwa nimetoka Ukunda kwenye mafunzo ya siku tatu ya mambo ya mtandao, cheti bado kina joto la printa. Nikamwambia, ami, siku hizi wageni hawaji kwa barabara, wanakuja kwa Google. Mtu yuko kwao Ujerumani, anaandika maneno mawili matatu, na atakayetokea juu ndiye atakayekula. Kazi ya kuhakikisha unatokea juu inaitwa SEO.

"Eseo? Ni ya serikali?"

"Siyo ya serikali, ami."

"Basi fanya."

Kwa wiki moja tovuti ikawa tayari. Nikaanika kila alichonacho: safari kutoka Bodo hadi kisiwani Funzi, pomboo asubuhi bahari ikiwa shwari, mamba wa Mto Ramisi wakiota jua, fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa, na kaa wa mikokoni kwa chakula cha mchana. Picha nilipiga kwa simu nikazipandisha hivyo hivyo, nzito kama magunia ya nazi. Ami alipoanza kuufungua ukurasa kwa bando la shilingi 20, maji yalikuwa yanajaa. Ulipomaliza kufunguka yalikuwa yameshapwa, na bando halipo. Huko mafunzoni walituambia mitambo ya kutafuta hupenda kurasa nyepesi, lakini siku hiyo nilikuwa nimekwenda kununua chapati.

Kisha nikajitafuta. Nikaandika Bodo, nikaongeza boti, nikabonyeza. Tukaletewa milima imefunikwa theluji, nyumba nyekundu, na watu waliovaa makoti mawili mawili.

Ami akaisogeza simu machoni. "Hapa wapi?"

"Bodo."

Akanyamaza sana. "Wamepafanya nini?"

Ile ni Bodø ya Norway, mji ulio kaskazini ya mstari wa Aktiki, ambako wakati wa kiangazi jua halizami, na mwaka 2024 ulikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. O yao imepigwa kijiti, yetu haina, na mtambo haukujali kijiti. Nikajaribu Shirazi, kijiji cha jirani zetu wa bara, nikapelekwa Iran. Hapo wazee wa Shirazi wenyewe wangesema mtambo haukukosea sana. Mwisho nikaandika Funzi. Nikaulizwa kwa adabu kabisa: ulikusudia fundi?

Hapo ndipo lilipoingia wazo ninaloliona aibu hadi leo. Kama watu wanaotafuta Funzi wanapelekwa kwa fundi, kwa nini fundi asikae kwetu? Nikabadilisha kichwa cha ukurasa kikasomeka "Fundi Bora wa Safari za Bahari," na chini yake nikajaza neno fundi kila palipopumua. Mengine niliyaandika kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, mtu asiyaone, mtambo uyaone. Ujanja huo ni wa kale kuliko simu yangu na mitambo imeshauzoea. Hata ile lebo ya siri ya maneno msingi, ambayo niliijaza fundi mara 40, Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitazami. Nilijifariji kwamba si uongo mtupu, kwani lahaja yetu huitwa Chifundi.

Baada ya siku kumi simu ya ami ikalia. Mama mmoja wa Nairobi.

"Ni fundi?"

Ami ana mashua, nyavu, na miaka 60 na kitu. Akajiangalia, akaona hakuna sababu ya kukana. "Naam, mama."

"Friji yangu haigandishi."

"Pole. Umeitazama waya kama imechomekwa?"

Kimya. Kikafuata kicheko kirefu. Jioni ami akapokea shilingi 200 kwa M-Pesa. Akanipigia Ukunda kunishukuru: eseo yangu inafanya kazi.

Kweli takwimu zilipanda. Kutoka watu tisa kwa mwezi (saba kati yao mimi) tukafika 300. Walitaka fundi wa bomba, fundi wa cherehani, fundi wa paa. Wa mashua hakuwepo hata mmoja. Nikamlipa kijana mmoja wa mtandaoni shilingi 3,000 atuuzie viungo 500 vya kuelekeza watu kwetu. Tukasifiwa na duka la mawigi, muuza matairi, na kurasa za kamari zisizolala. Wiki iliyofuata hata ukiandika jina kamili la tovuti yetu ilikubidi uende ukurasa wa nne.

Nilipokwenda kusoma sababu, nikacheka peke yangu. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza hesabu waliyoiita PageRank. Ukiileta barazani inasema hivi: usihesabu mtu amejisifu mara ngapi, tazama amesifiwa na nani, na huyo msifu naye anaheshimiwa na nani. Neno la imamu hushinda la walevi kumi. Funzi posa zote huamuliwa hivyo, na hakuna aliyepewa shahada. Mimi nilikuwa nimekwenda kuposa na walevi 500. Google wana hata mfumo wa kuwanasa wanunuzi wa sifa, walioutoa mwaka 2012 na kuuita Penguin, ndege asiyeruka. Ukitunasa nasi haturuki.

Lakini mgeni mmoja alikuja.

Alishuka kwenye teksi pale Bodo akiwa na buti za kufika magotini, fimbo ndefu yenye ndoano, na mfuko wa turubai. Ami akaniambia baadaye kwamba aliogopa tangu hapo. Mgeni alisema amesoma kwetu kuhusu mamba, amekuja kuwaona kwa karibu, na ikiwezekana kumshika mmoja kisha amwachie.

"Kwa fimbo hiyo?" ami akauliza.

"Natumia hii siku zote."

Wakaondoka, kila mmoja akimstahi mwenziwe. Njiani mgeni akauliza kama ni wakubwa. Ami akamwonyesha: kuanzia omo hadi kwenye injini. Macho ya mgeni yakang'aa. Ni wengi? Wengi. Wanalala juu ya miti? Ami akafikiri ni Kiingereza chake kilichomwangusha, akajibu ndiyo.

Kosa ni langu. Ukurasa wa Kiingereza niliutafsiri mwenyewe, na neno mamba nikaliacha lilivyo kwa sababu nimeona kibao cha Mamba Village kule Nyali na huko ni mamba kweli. Kwa Kiingereza mamba ni nyoka. Wamemtoa kwa Wazulu, sisi tunamwita koboko. Kwa hiyo walipokata kona ya Ramisi na gogo moja la matopeni likafumbua jicho, likateleza majini, ami alinyoosha kidole kwa fahari. Mgeni akakaa chini polepole, akaikumbatia fimbo yake.

Hakudai pesa zake. Alikula kaa watatu, akaenda kwao, akaandika kisa chote kwenye tovuti ya wapenzi wa nyoka, ambayo inaonekana ina heshima kubwa huko, akaweka kiungo cha kuja kwetu. Kimoja tu. Nikafuta fundi wote, nikapunguza picha, nikaandika "Bodo, Kaunti ya Kwale, Kenya" mahali pote palipostahili. Sasa ukitafuta mashua ya Funzi tupo ukurasa wa kwanza, wa tatu kutoka juu. Karibu nusu ya wageni wetu huja na buti.

Nawe ukija, mwambie dereva Bodo ya Kwale, kisha uliza maji yanajaa saa ngapi. Na kama friji yako ni mbovu, mpigie ami kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo amelala.